Nani Kamtuma? Daftari la Waajiri wa Washawishi Jijini Los Angeles

Anayeingia ofisini kwa diwani kumwomba kura mara nyingi ametumwa. Jina lake si siri: kaacha kadi mezani, kaandikwa kwenye kitabu cha wageni, makatibu wanamjua. Kigumu kukijua, na ndicho chenye faida kwa mwananchi, ni nani kamtuma na anamlipa kiasi gani. Los Angeles wameliweka hilo kwenye sheria wazi kabisa. Anayelobi, yaani mshawishi anayelipwa kusukuma maamuzi ya jiji, anasajiliwa, na aliyemwajiri naye anajisajili kwa jina lake mwenyewe, kila mwaka. Kisha kila baada ya miezi mitatu anaeleza alichotumia.

Mimi ni afisa uzingatiaji, kazi yangu ni kusaidia mashirika kufuata sheria. Natayarisha taarifa hizi kwa niaba ya mashirika, na muda uliobaki nasoma za wengine. Kati ya hati zote zinazopita mikononi mwangu, usajili wa mwajiri ndio ninaoupa uzito kuliko usajili wa mshawishi mwenyewe. Washawishi huhama kazi. Leo yuko huku, mwakani yuko kwingine, na jina lake halikuelezi sana. Mwajiri ndiye mwenye haja, na haja yake huonekana mwaka hadi mwaka ukimfuatilia.

Ndugu zangu walioko nyumbani wakisikia kwamba kuna watu wanaolipwa mshahara kuzungumza na madiwani, swali lao la kwanza ni: hiyo si rushwa iliyopewa leseni? Hapana. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanalinda haki ya watu kupeleka maombi na malalamiko yao serikalini. Haki hiyo haikutoki kwa kuwa umemlipa mtu akusemee, kama ambavyo haki ya kujitetea mahakamani haikutoki kwa kuwa umeweka wakili. Kwa hiyo jiji haliwezi kupiga marufuku kulobi, ila linaweza kutaka ijulikane. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali hoja hiyo mwaka 1954 katika kesi ya Serikali dhidi ya Harriss, ambayo ilihusu sheria ya Bunge la taifa. Bunge, ilisema mahakama, lina haki ya kutaka kujua nani anakodiwa, nani anatoa fedha, na ni kiasi gani.

Wapiga kura wa Los Angeles waliunda Tume ya Maadili ya Jiji mwaka 1990. Ina makamishna 5, na kila mmoja anateuliwa na kiongozi tofauti: Meya, Mwanasheria wa Jiji, Mdhibiti wa Fedha, Rais wa Baraza la Madiwani na msaidizi wake (President Pro Tempore). Tume hiyo ndiyo inayotunza daftari. Kanuni zenyewe zimo katika Kanuni za Manispaa kuanzia kifungu 48.01, na si ndefu. Mtu mvumilivu anazimaliza jioni moja.

Ndani yake kuna makundi manne. La kwanza ni mshawishi, yaani mtu binafsi. La pili ni kampuni ya ushawishi, inayokodiwa na wateja mbalimbali. La tatu ni mwajiri wa mshawishi: shirika, kampuni, chama au chuo kinachomlipa mfanyakazi wake wa ndani akalobi kwa faida ya hicho chenyewe. La nne halizungumzwi sana, nalo ni mtumiaji mkubwa: yeyote anayetumia dola 5,000 au zaidi katika robo ya mwaka kwa matangazo, utafiti, mahusiano na vyombo vya habari au kampeni ya kuhamasisha umma ili kusukuma uamuzi wa jiji, hata kama hakuajiri mshawishi hata mmoja. Kundi hili liliwekwa kwa akili sana. Mwenye fedha anaweza asitume mtu ofisini kwa diwani akaujaza mtaa mabango badala yake, na shinikizo likamfikia diwani vilevile.

Nirudi kwa mwajiri. Swali linaloniletea simu nyingi ni moja: ni lini shirika letu linageuka kuwa mwajiri wa mshawishi? Kwa miaka mingi kipimo cha Los Angeles kimekuwa saa. Mtu anakuwa mshawishi akilipwa kufanya shughuli za ushawishi kwa saa 30 au zaidi ndani ya miezi mitatu mfululizo, na ndani ya hizo awe amewasiliana moja kwa moja na kiongozi au mtumishi wa jiji angalau mara moja. Mfanyakazi wako akivuka hapo, wewe uliyemwajiri umevuka naye.

Tuseme hospitali ina mkurugenzi wa mahusiano na serikali, na hospitali inataka kibali cha kupanua majengo. Januari mkurugenzi anafanya utafiti na kuandaa waraka, jumla saa 14. Februari anakaa kwenye vikao vya kamati ya mipango miji akisikiliza na kuandika, saa 9. Machi anakutana na wakili wa nje kupanga mkakati, saa 6. Hizo ni 29, na zote zinahesabika, maana sheria haihesabu mazungumzo peke yake. Kutafiti, kuandaa rasimu, kushauri mkakati na hata kuhudhuria vikao kwa ajili ya kufuatilia jambo vimo. Lakini mpaka hapo hajaongea na mtu yeyote wa jiji. Machi 28 anampigia simu msaidizi wa diwani anayeshughulikia mipango, wanazungumza saa nzima. Kwa simu hiyo moja masharti yote mawili yametimia: saa 30 zimefika, na mawasiliano ya moja kwa moja yamefanyika. Mkurugenzi sasa ni mshawishi, na hospitali ni mwajiri wa mshawishi. Usajili unatakiwa ndani ya siku 10 baada ya mwisho wa mwezi ambao masharti yametimia, kwa hiyo hospitali ina mpaka Aprili 10. Ndiyo maana nawasisitizia wateja waandike saa zao siku hiyohiyo. Anayesubiri mwisho wa robo akumbuke, anakisia, na makisio hayo ndiyo anayoyatia saini mbele ya sheria.

Hapohapo pana tundu. Kipimo kinamhesabu mtu mmojammoja. Hospitali ingegawa kazi hata kubwa kuliko hiyo kwa wafanyakazi wawili wenye saa 20 kila mmoja, jumla ingekuwa 40, na hakuna jina ambalo lingetokea kwenye daftari: si la wafanyakazi, si la hospitali. Wapo wanaogawa hivyo bila nia mbaya, kwa kuwa ofisi yao ndiyo ilivyopangwa. Wapo pia wanaojua wanachofanya. Tume yenyewe imewahi kupendekeza kwamba kipimo kiwe malipo badala ya saa, nami naunga mkono kwa moyo wote. Malipo yana karatasi zake: hati za mishahara, mikataba, ankara. Saa inategemea uaminifu wa anayeiandika.

Ukishasajiliwa, kazi haijaisha. Usajili unakwisha Desemba 31 na unaanza upya mwaka unaofuata. Taarifa za robo mwaka zinafika kwenye Tume siku ya mwisho ya Aprili, Julai, Oktoba na Januari. Mwajiri anataja washawishi wake, idara za jiji walizozishawishi, mambo waliyoyashawishi, jumla ya malipo, gharama zilizomnufaisha kiongozi, na michango ya uchaguzi. Mtu yeyote anaweza kuzisoma mtandaoni bila kujieleza kwa mtu wala kutoa sababu.

Ila kuzisoma ni ufundi. Msomaji mpya hukimbilia kiasi cha fedha. Kiasi hicho ni jumla, hakikuambii ni jambo gani lilikula fedha nyingi. Mimi naanzia kwenye safu ya mambo yaliyoshawishiwa, na hasa namba ya jalada la Baraza. Chukua 14-1635-S2. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, 14, yaani jambo lilifunguliwa 2014. Zinazofuata ni namba ya jalada, na S2 ni nyongeza yake. Hilo ni jalada la kanuni ya kukodisha nyumba kwa muda mfupi, iliyopita Desemba 2018 na kuanza kutumika Julai 1, 2019. Ukiwa na namba hiyo unaweza kutafuta waajiri walioitaja robo baada ya robo, halafu ukafungua jalada kwa Katibu wa Jiji ukasoma barua, marekebisho na kura. Ukiweka hati hizi mbili pamoja unaona nani alikuwa kazini wiki zilizotangulia marekebisho fulani. Haithibitishi kwamba ndiye aliyeyaleta. Inakupa swali lenye tarehe na jina, na diwani hawezi kulikwepa kirahisi akiulizwa hadharani.

Kwenye miradi ya ardhi kuna taabu nyingine. Mjenzi mkubwa huunda kampuni mpya kwa kila kiwanja, mara nyingi jina lake ni anwani ya jengo tu. Daftari litakuonyesha kampuni ambayo hujawahi kuisikia. Linganisha anwani ya posta na jina la mtia saini na zile za kampuni nyingine, na utashangaa jinsi majina kadhaa yanavyoishia kwenye mlango mmoja.

Jambo linaloniuma zaidi ni la michango. Novemba 2006 wapiga kura walipitisha pendekezo R, lililowazuia washawishi na kampuni za ushawishi kuchangia kampeni za viongozi wa ofisi waliyosajiliwa kuishawishi. Marufuku hiyo inamtaja mshawishi na inaitaja kampuni ya ushawishi. Haimtaji mwajiri wa mshawishi. Kwa hiyo mfanyakazi anayepokea mshahara haruhusiwi kumpa diwani mchango wa kampeni, na bosi anayelipa mshahara huo hafungwi na marufuku hiyo ilimradi abaki ndani ya kiwango na atoe taarifa. Jiji limeziba sehemu nyingine kidogokidogo: wazabuni wa mikataba mikubwa walizuiwa kwa kura ya 2011, na wajenzi wenye maombi makubwa ya vibali kwa kanuni iliyopitishwa 2019 na kuanza kazi 2022. Mwajiri wa kawaida amebaki kando. Kwangu mimi hilo ni kumshika mjumbe na kumwacha mwenye ujumbe.

Tabia hiyo haiko Los Angeles peke yake. Novemba 2015 David Plouffe, aliyekuwa kigogo wa Uber na kabla ya hapo meneja wa kampeni ya Barack Obama ya 2008, alimwandikia Meya wa Chicago, Rahm Emanuel, barua pepe kuhusu Uber kuruhusiwa kuchukua abiria kwenye viwanja vya ndege. Iliingia kwenye anwani binafsi ya Meya. Plouffe hakuwa amesajiliwa. Barua hizo zilikuja kufichuka kwa sababu shirika la kiraia lilipeleka jiji mahakamani kudai barua pepe binafsi za Meya. Februari 2017 Bodi ya Maadili ya Chicago ikamtoza Plouffe dola 90,000. Uber, iliyomtumia mtu asiyesajiliwa, ilitozwa dola 2,000. Bodi ilifuata viwango vilivyokuwemo kwenye kanuni, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kanuni ambayo mwajiri analipa sehemu ya 45 ya anacholipa mwajiriwa.

Je, daftari linazuia ufisadi wenyewe? José Huizar alikuwa diwani wa Los Angeles na mwenyekiti wa kamati ya mipango miji, mahali ambapo miradi mikubwa ya majengo jijini ilipitia. Alikiri makosa Januari 2023, na Januari 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 13 kwa kupokea mlungula wa wajenzi. Mshawishi mmoja wa jijini naye alikiri kosa katika sakata hilo. Hakuna fomu iliyokuwa na mstari wa fedha za kasino, kama alizopewa diwani huyo. Mtoa hongo haji kujiandikisha. Lakini mwenye daftari la waajiri mbele yake anajua ni miradi gani ilikuwa mezani kwa mwenyekiti yule na nani alikuwa akiilipia, na mpelelezi au mwandishi wa habari anahitaji pa kuanzia.

Toronto wamekwenda mbali kuliko wote ninaowafuatilia. Mkataba wa kukodi kompyuta ulioidhinishwa kwa dola za Kanada milioni 43 uliishia kwenye milioni 80 na zaidi, uchunguzi wa Jaji Denise Bellamy ukatoa ripoti 2005, na Februari 2008 jiji likafungua rejista. Kule unasajiliwa kabla ya kufungua mdomo, bila ada, na mawasiliano yenyewe yanaandikwa: tarehe, njia, na kiongozi uliyezungumza naye. Los Angeles hutaja idara na jambo, na ada imekuwa dola 450 kwa mshawishi. Ningependa waige Toronto.

Mwisho, jibu kwa waliouliza kama vyama vyetu vya Waafrika Mashariki hapa Los Angeles navyo vinapaswa kujisajili. Mkienda kikaoni kutoa maoni kuhusu kituo cha basi au leseni ya mgahawa, hamhitaji kusajiliwa popote. Anayejitolea bila malipo si mshawishi, hata akizungumza na diwani kila wiki. Siku mtakapomwajiri mratibu kwa mshahara na sehemu ya kazi yake ikawa kufuatilia maamuzi ya jiji, mpeni kitabu cha saa siku ya kwanza, na muulizeni mwisho wa kila mwezi amefikia ngapi. Mkiwa na shaka pigieni Tume. Wafanyakazi wake hutoa ushauri bure, na ombeni wauweke kwa maandishi.