Maji ya Duke Kahanamoku

Agosti 1911, bandarini Honolulu, kijana wa Hawaii aitwaye Duke Kahanamoku aliogelea yadi 100 kwa sekunde 55.4. Muda huo uliipita mbali rekodi ya wakati ule, na wakubwa wa AAU, chama cha michezo ya ridhaa cha Marekani, wakakataa kuutambua. Kwanza walidai waamuzi walipimia saa za kuamshia watu usingizini. Baadaye wakasema alibebwa na mkondo.

Nimeshika saa kando ya bwawa miaka mingi, kwa hiyo hilo la saa za kuamshia naliona ni dharau tupu. La mkondo, hapana, silicheki. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa: maji yakipwa, ukielekea nje unapelekwa bure, na gharama utaijua wakati wa kurudi. Mbio zikiwa za kwenda tu, hakuna kurudi.

Kwamba Duke alikuwa na kasi hakuna ubishi. Mwaka uliofuata alitwaa dhahabu ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Stockholm, ambako, ajabu ya mambo, waliogelea ghubani pia.

Siku hizi kanuni za World Aquatics, shirikisho la kuogelea la dunia, hazikubali rekodi ya dunia iliyowekwa baharini. Hata bwawani, chumvi lazima iwe chini ya gramu 3 kwa lita. Bahari ina kama 35. Maji ya chumvi ni mazito, mwili unaelea juu zaidi, na maji yanayoukwaza yanapungua. Mwogeleaji yuleyule, siku ileile, atapata muda tofauti. Hapo sina ugomvi na kanuni, ingawa wengi wetu tulijifunzia huko huko baharini.

Urefu wa bwawa nao una visa vyake. Olimpiki ya Munich 1972, mita 400 za mitindo mchanganyiko, Gunnar Larsson wa Sweden alipata 4:31.981 na Tim McKee wa Marekani 4:31.983. Piga hesabu: kwa kasi yao, tofauti hiyo ni kama milimita 3. Fundi gani atajenga njia nane za kuogelea zinazolingana kwa milimita 3? Baadaye sehemu za elfu za sekunde ziliachwa, tukabaki na sehemu za mia. Kanuni yenyewe inaruhusu njia izidi mita 50 kwa sentimita 1, ila kupungua ni marufuku.

Kinachonikosesha raha ni mkondo uliohamia bwawani. Baada ya mashindano ya dunia ya Barcelona 2013, watafiti walichambua muda wa kila mzunguko katika mbio ndefu. Wa njia za pembeni upande mmoja walikuwa wepesi wakienda na wazito wakirudi. Wa upande wa pili, kinyume chake. Baada ya Olimpiki ya Rio 2016 maswali yaleyale yakarudi. Katika mita 1500 hasara na faida karibu zinafutana. Lakini mita 50 ni za kwenda tu, na mshindi hupatikana kwa sehemu za mia za sekunde.

Kwa hiyo nikiulizwa kama rekodi fulani ihesabiwe, simtazami kwanza mwogeleaji. Nauliza maji yalikuwaje. Kwenye mashindano yetu madogo, asubuhi kabla watoto hawajaingia kupasha misuli, natia mpira wa kikapu uliojazwa maji kiasi katika njia ya kwanza, kisha ya mwisho, nauangalia dakika nzima. Ukianza kutembea, namwita mtu wa pampu inayozungusha maji ya bwawa.