Kupima Parkinson kwa nzi wa matunda: mwongozo kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza

Si lazima utafiti wa ugonjwa wa Parkinson uanze na panya. Kwenye nyuzijoto 25 yai la nzi wa matunda huwa nzi kamili kwa siku 10 hivi, muda unaoingia vizuri ndani ya muhula mmoja. Mwaka 2000, watafiti Feany na Bender waliripoti kuwa nzi aliyepandikizwa jeni ya binadamu ya alfa-sinukleini, protini inayorundikana katika ubongo wa wagonjwa wa Parkinson, hupoteza seli za dopamini, zile zile zinazokufa katika ugonjwa huo, kadiri anavyozeeka.

Maabara isiyo na nzi wa aina hiyo hutumia rotenoni, sumu inayokwamisha mitokondria zisizalishe nishati. Ili upate mikromola 250 katika mililita 100 za chakula, pima miligramu 10, yeyusha kwa nusu mililita ya DMSO (kimiminika cha kuyeyushia), kisha changanya chakula kikiwa kimepoa ila hakijaganda. Vaa glavu, unga wake ni hatari ukivutwa puani. Mwanga huiharibu, kwa hiyo funika chombo kwa karatasi ya alumini. Kundi linganishi lipewe DMSO kiasi kilekile, la sivyo hutajua kilichowadhuru nzi ni kipi.

Baada ya siku 7, weka nzi 10 wa umri na jinsia moja kwenye neli yenye alama sentimita 8 kutoka chini. Gonga neli mpaka wote waanguke, halafu hesabu waliopanda wakavuka alama ndani ya sekunde 10. Rudia mara 5, ukiwapumzisha dakika moja kila mara. Piga video, na anayehesabu asijue kundi lipi ni lipi. Nzi waliolazwa kwa kaboni dioksaidi siku hiyo wasipimwe, maana bado wamelegea.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni njaa. Chakula chenye rotenoni nzi hukila kidogo, na nzi mwenye njaa naye hupanda kwa shida. Tia rangi ya bluu ya chakula kwa makundi yote mawili, ulinganishe matumbo yao. Na katika takwimu, kinachohesabiwa ni neli, si nzi mmoja mmoja: nzi 30 katika neli 3 ni sampuli 3.

Matokeo ya kupanda peke yake hayatoshi kutaja Parkinson. Wape baadhi ya nzi waliolishwa rotenoni L-dopa, dawa ya Parkinson ambayo mwili huigeuza dopamini. Watafiti Coulom na Birman, mwaka 2004, waliona dawa hiyo ikirudisha mwendo wa nzi waliolishwa rotenoni huku seli za dopamini zikiendelea kufa, kama ilivyo kwa wagonjwa. Kwa hiyo ubongo nao upasuliwe, seli hizo zihesabiwe.