Kabla ya Kusema "PubMed Haina Kitu", Angalia Kichwa cha Mada

Msimu wa maandiko ya utafiti umeanza hapa Dodoma, na malalamiko maktabani kuhusu PubMed, mtambo wa kutafutia makala za tiba mtandaoni, ni yaleyale: "PubMed haina kitu kuhusu Kongwa." Si kweli. Trakoma, ugonjwa wa macho, imetafitiwa wilayani Kongwa kwa miongo kadhaa. Kasoro iko kwenye namna ya kuuliza.

Makala za MEDLINE, sehemu kuu ya PubMed, hupewa vichwa vya mada kutoka MeSH, orodha iliyoanzishwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani mwaka 1960 na kuhuishwa kila mwaka. Mwandishi akisema "high blood pressure", makala yake inapangwa chini ya "Hypertension". Saratani zimo chini ya "Neoplasms". Basi anzia ukurasa wa MeSH: andika neno lako, soma fasili ya kichwa, kisha tazama mti wake, yaani vichwa vipana vilivyo juu yake na matawi yaliyo chini yake. PubMed hujumlisha yenyewe matawi ya chini, kwa hiyo "Africa, Eastern" inaleta Tanzania, Kenya na Uganda. Ukitaka kichwa hicho peke yake bila matawi, weka [mh:noexp] baada yake.

Hapa wengi huteleza, hata wakielekezwa mara tatu: kichwa cha mada pekee hakitoshi. Makala mpya huenda hazijapewa kichwa, na nyingine zilizomo PubMed hazitapewa kamwe. Kongwa nayo haina kichwa chake. Kilichopo ni "Tanzania". Unganisha kichwa cha mada ([mh]) na maneno ya kawaida yaliyo kwenye jina la makala au muhtasari ([tiab]):

(trachoma[mh] OR trachoma[tiab]) AND (Tanzania[mh] OR Tanzania[tiab] OR Kongwa[tiab] OR Dodoma[tiab])

Mabano si mapambo. PubMed husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiandika trachoma AND Kongwa OR Dodoma, utamwagiwa kila kinachotaja Dodoma, hadi magonjwa ya ng'ombe. AND na OR ziwe herufi kubwa.

Makala ikidai malipo, tafadhali usilipe kabla ya kuijaribu Hinari, mpango wa WHO unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu, kwa nywila ya taasisi yako.

Wanaowasilisha mapitio ya kina waambatishe mkakati wote wa utafutaji kama ulivyoandikwa, pamoja na tarehe na idadi ya matokeo ya kila mstari. Andiko linalosema tu "tulitafuta PubMed" linarudishwa, na likirudi linaanza foleni upya. Tarehe na idadi ziandikwe siku hiyohiyo: makala mpya huingia kila siku, na idadi ya wiki iliyopita hatuwezi kukutafutia.