Grini kadi ya kazi si ya watu wa kompyuta pekee

"Kama hukusoma sayansi au kompyuta, sahau grini kadi ya Marekani (kibali cha kuishi huko kwa kudumu) kupitia kazi." Ujumbe huu unazunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi, na unawakatisha watu tamaa bure. Kundi la EB-3, moja ya makundi ya grini kadi ya kazi, linaangalia kazi yenyewe: mpishi stadi anaweza kuombewa ikiwa kazi inahitaji mafunzo au uzoefu wa angalau miaka 2, naye anao. Kwa mhasibu, kazi iwe inahitaji shahada, naye awe nayo. Kigumu hasa ni kumpata mwajiri wa kukuombea, kisha foleni ndefu.

Watu huchanganya grini kadi na kibali cha wanafunzi: waliosoma sayansi au kompyuta huko Marekani huweza kuongezewa miezi 24 ya kufanya kazi baada ya masomo, lakini hicho ni kibali cha muda. Masharti yapo kwenye tovuti za serikali ya Marekani, zinazoishia na .gov. Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze.