Kisesa sio Mwanza mjini, na mengine mnayotukosea

Juzi jamaa yangu wa Dar kanipigia anataka kiwanja, dalali kamwambia "kiko Kisesa bosi, Mwanza jiji kabisa", sasa ananiuliza hiyo ni Nyamagana au Ilemela. Nikacheka. Sio Nyamagana wala Ilemela ndugu yangu, Kisesa ni wilaya ya Magu.

Hili ndo kosa namba moja na hata sisi wenyewe tunalifanya, maana ukitoka mjini na Barabara ya Musoma ukapita Igoma nyumba zinazidi kuungana, fremu za maduka, gereji, baa, bajaji zimejipanga, huoni pa kusema hapa jiji limeisha, ukija kushtuka konda anagonga bati "Kisesa wa kushuka!" na ni kama kilomita 20 tu. Ila kwenye karatasi ni habari nyingine. Mji wa Mwanza una halmashauri mbili, Nyamagana ndo Jiji lenyewe na Ilemela ni Manispaa tangu 2012, basi. Sisi wa Kisesa tuko Halmashauri ya Wilaya ya Magu, mkoa uleule wa Mwanza. Mimi mwenyewe lilishanikuta, nilijaza fomu ofisi moja mjini nikaandika wilaya Nyamagana kwa kujiamini kabisa, barua ya mtendaji niliyoambatanisha inasema Magu, nikarudishwa nikaanze upya, nauli imeliwa na siku imekufa.

Sasa hapo ndo idadi ya watu inapoanza kuchanganya. Utasikia mtu anabishana kijiweni eti Mwanza ina watu milioni tatu na nusu huko, inaizidi Dodoma mbali sana. Hapo anachanganya mkoa na mji. Sensa ya 2022 mkoa wote ulikuwa na watu 3,699,872, hiyo ni pamoja na Ukerewe visiwani, Sengerema, Kwimba, Misungwi na sisi Magu. Mji wenyewe ni Nyamagana 594,834 jumlisha Ilemela 509,687, unapata 1,104,521. Bado ni mji wa pili nchini baada ya Dar, hilo sibishi. Ila mtu wa Kisesa hayumo kwenye hiyo milioni na laki moja hata awe anashinda mjini siku saba za wiki.

Hapo kuna mtu atasema mbona mimi kazi yangu iko mjini, si nimehesabiwa mjini? Hapana. Sensa inakuhesabu pale ulipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na safari ile ilikuwa usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022. Jirani yangu mama mmoja anauza nyanya mjini, saa kumi na moja alfajiri yuko kituoni na ndoo zake, kurudi saa mbili usiku, karani na kishikwambi chake akamwandika hukuhuku. Yaani mchana mji una watu wengi kuliko takwimu zinavyosema na sisi huku tunabaki na wazee, watoto na kuku, usiku inageuka.

Na kuna ile ya "Magu watu walipungua". Kweli ukiangalia namba kavukavu 2002 wilaya ilikuwa na watu zaidi ya laki nne, 2012 inasoma kama laki tatu, na nimesikia kila aina ya maelezo, wengine ukimwi, wengine ushirikina, wengine eti watu wote walihamia mjini. Kumbe Busega ilimegwa kutoka Magu ikawa wilaya yake na ikapelekwa mkoa mpya wa Simiyu, watu hawakwenda popote, walilala wakaamka mkoa mwingine. Ndo hivyo hivyo kwa kata, Bujora siku hizi ni kata yake, kwa hiyo ukichukua namba ya Kisesa ya zamani ukalinganisha na ya sasa utadhani tumehama. Ukitaka kujua kweli angalia wale watafiti wa afya ambao tangu 1994 wanapita nyumba kwa nyumba kwenye vijiji vilevile saba (Kisesa, Kanyama, Kitumba, Isangijo, Igekemaja, Ihayabuyaga na Welamasonga), walianza na watu kama 20,000 na baadaye wakavuka 30,000 eneo lilelile. Na kwa sababu utafiti wao ulianza na virusi vya ukimwi basi kuna watu wanadhani Kisesa imeoza kwa ukimwi, kufuatiliwa na kuzidi wengine ni vitu viwili tofauti jamani.

"Wote huko Wasukuma." Wengi ndiyo, ila mtaani kwangu kuna Mkurya, Mjita, Mkerewe, Mhaya na Mjaluo, na hiyo ni upande mmoja tu wa barabara. Alafu neno lenyewe sukuma maana yake kaskazini, ni jina la upande, na kusini ni dakama.

"Mnakula samaki bure, ziwa liko hapo." Ziwa haliko hapo! Sato na dagaa wanatufikia kwa pikipiki na tunanunua kama nyie. Huku kilimo.

Na wakishasikia kilimo wanauliza, kwenye mawe yale? Hii "Mwanza yote mawe" inatokana na picha za kadi, lile jiwe la Bismarck lililosimama ziwani. Mawe yapo, ni matale ya kale kabisa, na yana kazi, mama mkwe wangu akishamenya viazi anavikata vipande anavianika juu ya jabali, jua likipiga siku chache unapata michembe, jiwe lenyewe ndo kichanja. Lakini mawe ni juu kilimani. Ukishuka kidogo ni mchanga, luseni, hapo mihogo na viazi, ukishuka zaidi unakuta ibambasi, udongo mgumu hadi jembe linalia, na chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, hapo ndo majaruba ya mpunga. Mkulima wa huku hasemi tu "nina shamba", atakwambia ni la luseni au la mbuga.

Sasa dalali hayo hakwambii. Mbuga kiangazi ni tambarare safi, kavu, inavutia kweli, na ni bei chee. Ila udongo ule ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka mpaka mguu unaingia, na nyumba inafuata, nimeona moja ufa umetoka kwenye msingi umepanda mpaka kwenye linta na rangi haijamaliza mwaka.

Nikamwambia jamaa asitume hela kwanza, jumamosi nikapanda bodaboda mpaka kwenye hicho kiwanja cha jiji kabisa. Nikapiga picha mabua ya mpunga nikamtumia.