Kemia Kidato cha Tano na Sita: alama zinatolewaje, na zinapotelea wapi

Mwanafunzi anayeanza Kidato cha Tano na Kemia ndani ya tahasusi yake, iwe PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) au CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia), huja na mazoea ya Kidato cha Nne: kujua jibu na kuliandika. Huku juu jibu peke yake lina thamani ndogo. Swali la alama 6 lina hatua sita zinazohesabiwa, na jibu la mwisho ni mojawapo tu. Anayeandika mstari mmoja uliokuja sahihi anapata 1 au 2, na mwenzake aliyekosea kuzidisha mwishoni lakini akaonyesha njia yote anapata 5. Sera zote za alama katika darasa langu zimejengwa juu ya jambo hilo, na hapa naeleza sababu zake ili mwanafunzi na mzazi wazijue kabla ya jaribio la kwanza.

Tuanze na kule tunakoelekea. Mtihani wa taifa wa Kidato cha Sita una karatasi tatu za Kemia. Mbili za kwanza ni za nadharia, kila moja ina alama 100. Ya tatu ni praktiko, alama 50: swali la kwanza 20, na mawili yanayofuata 15 kila moja. Maana yake praktiko ni sehemu moja ya tano ya somo zima. Alama hugeuzwa kuwa madaraja hivi: A ni 80 hadi 100, B 70 hadi 79, C 60 hadi 69, D 50 hadi 59, E 40 hadi 49, S 35 hadi 39, na chini ya 35 ni F. Kwenye divisheni, A ni pointi 1 na F ni pointi 7, hivyo pointi chache ndizo nzuri, na Divisheni ya Kwanza ni pointi 3 hadi 9 kwa masomo matatu ya tahasusi. Wazazi wengi huchanganyikiwa wakifika kwenye maombi ya chuo kikuu, kwa sababu huko hesabu hugeuzwa: A inakuwa 5, E inakuwa 1, S nusu pointi. S haihesabiwi kuwa ufaulu kamili wa somo. Kwa hiyo alama 39 na alama 40 zimetenganishwa na alama moja tu, lakini zinaweza kumtenganisha mtu na kozi anayoitaka.

Darasani natumia mipaka hiyohiyo, wala sipandishi 79 kuwa 80. Alama ya muhula ina sehemu nne: mazoezi ya kila wiki 10, majaribio ya mada 25, praktiko 25, mtihani wa muhula 40. Praktiko nimeipa uzito mkubwa kidogo kuliko inaoupata kwenye mtihani wa taifa kwa makusudi. Nadharia mtu anaweza kuikimbiza miezi mitatu ya mwisho akisoma usiku. Mkono wa kushika bureti, ule mrija wa kioo wenye mistari ya kupimia ujazo, haujengwi kwa kukesha.

Kwenye titresheni, yaani kupima ni ujazo gani wa mmumunyo mmoja unaomaliza mmenyuko na mwingine, alama nyingi hupotea kwa mambo madogo. Jedwali la matokeo lazima liwe na jaribio la kukisia na angalau mawili mengine yanayokubaliana, likionyesha usomaji wa mwanzo, usomaji wa mwisho na ujazo uliotumika. Bureti ya kawaida ina mistari ya 0.1 cm³, na jicho linaweza kukadiria nusu ya hapo, kwa hiyo kila usomaji unaandikwa kwa desimali mbili: 24.50, si 24.5, na 0.00, si 0. Anayeandika 24.53 pia anakosa, kwa kuwa amedai usahihi ambao chombo chake hakina. Usomaji unaokubaliana haupishani kwa zaidi ya 0.20 cm³. Wastani unachukuliwa kwa huo tu, na jaribio la kukisia halihusiki kabisa. Nikikuta 25.90, 25.10 na 25.00 vimejumlishwa vyote na kugawanywa kwa tatu, alama ya wastani imekwenda.

Chini ya jedwali nataka ujazo wa pipeti, badiliko la rangi kwenye kikomo (pale mmenyuko unapokamilika), na sentensi ya muhtasari inayosema cm³ ngapi za mmumunyo upi zimehitaji cm³ ngapi za upi kwa mmenyuko kamili. Hii ni alama ya bure, na kila muhula kuna wanaoiacha mezani.

Alama 4 za praktiko ya titresheni zinategemea ukaribu wa wastani wako na wangu, ambao naupata kwa mimumunyo ileile kabla hamjaingia maabara. Ndani ya 0.20 cm³ ni alama 4, ndani ya 0.40 ni 3, ndani ya 0.60 ni 2, zaidi ya hapo hakuna. Ujazo ukizidi wangu kwa kiasi kikubwa, mara nyingi kosa ni la kusuuza. Bureti na pipeti husuuzwa kwa mmumunyo utakaoingia humo, vinginevyo maji yaliyobaki yanauzimua. Flaski ya koni husuuzwa kwa maji tu. Ukiisuuza kwa mmumunyo wa besi, mabaki yake yanaongeza moli ambazo pipeti haikuzipima, na asidi itakayotumika itazidi. Ukisahau kuondoa faneli juu ya bureti, matone yake yanadondoka katikati ya kazi na usomaji wa mwisho unakudanganya. Kwa potasiamu pamanganeti, rangi yake nzito inaficha mbonyeo wa chini wa uso wa mmumunyo, kwa hiyo soma ukingo wa juu, mwanzo na mwisho.

Sasa hesabu. Chukua mfano huu: gramu 14.3 za Na₂CO₃·xH₂O zimeyeyushwa na kujazwa hadi 1 dm³, na 25.00 cm³ za mmumunyo huo zimehitaji 25.00 cm³ za HCl 0.1 M (moli 0.1 kwa kila dm³), kwa kiashiria cha methili oranji. Tafuta x. Mlinganyo ni Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂, alama 1. Moli za asidi 0.0025, alama 1. Uwiano ni 1:2, hivyo moli za kaboneti ni 0.00125, alama 1. Ukolezi 0.05 M, alama 1. Masi ya moli ni 14.3 ÷ 0.05 = 286 g/mol, alama 1. Halafu, 106 ikiwa ya Na₂CO₃ na 18 ya maji, (286 − 106) ÷ 18 = 10, alama 1.

Anayesahau ile 2 ya asidi anapata ukolezi wa 0.1 M, masi ya moli 143, na x = 2.06. Hapo anaandika x = 2 kwa furaha. Hili ni kosa la hatari kwa sababu linatoa namba inayofanana na jibu. Hakuna kitu kinachomshtua. Kwa sera yangu mwanafunzi huyo anapoteza alama ya mlinganyo na alama ya uwiano, basi. Hatua zilizofuata, zikifuatana vizuri na kosa lake, zinapewa alama zote. Siadhibu kosa moja mara tano. Lakini asiyeonyesha hatua, akaandika tu “x = 2”, sina pa kuanzia kumsaidia; ni sifuri kati ya sita.

Mfano huohuo unaonyesha kwa nini nauliza sababu ya kuchagua kiashiria. Ukitumia fenolftalini, rangi inapotea kaboneti inapokuwa imefika haidrojenikaboneti tu, yaani nusu ya njia. Utasoma karibu 12.50 cm³, na ukiendelea na uwiano wa 1:2 utapata x karibu 26. Hilo angalau linapiga kelele. Ukipata jibu la namna hiyo, andika kwamba halielekei na useme unashuku nini: naliongezea alama 1.

Kwenye utambuzi wa chumvi kanuni ni fupi: safu ya ulichokiona na safu ya unachohitimisha hazichanganywi. “Gesi ya kaboni dioksaidi imetoka” si kitu ulichokiona. Ulichokiona ni mapovu, gesi isiyo na rangi, na maji ya chokaa yakiwa meupe kama maziwa. “Safi” si rangi. Mmumunyo wa kopa salfeti ni safi na ni wa buluu. Andika “hauna rangi” kama hauna. Ukiongeza soda kostiki (NaOH) ukapata mashapo meupe yanayoyeyuka kwenye ziada, hitimisho sahihi ni kwamba zinki, aluminiamu au risasi zinaweza kuwepo, zote tatu. Anayeandika zinki peke yake hapo amebahatisha, hata kama mwishoni chumvi ni ya zinki kweli. Amonia ndiyo itakayoitenga, maana mashapo ya zinki yanayeyuka kwenye ziada yake na ya wale wawili hayayeyuki. Potasiamu ayodaidi itamtoa risasi kwa mashapo ya njano. Mengi huharibika kwenye neno “ziada”: matone matatu si ziada. Tia tone kwa tone hadi mashapo yaonekane, kisha ongeza mpaka nusu ya testityubu huku ukitikisa.

Kwenye nadharia, kemia ogania ndiyo inayokula alama kimyakimya, kwa kuacha masharti ya mmenyuko. Bromoithani na potasiamu haidroksaidi kwenye maji hutoa ithanoli. Kwenye alkoholi, kukiwa na joto, hutoa ithini. Vitendanishi ni vilevile, zao ni tofauti, kwa hiyo mshale usio na masharti juu yake hauna alama kamili. Kwenye hatua za mmenyuko, mshale uliopinda huanzia kwenye jozi ya elektroni na kuelekea mahali zinapokwenda. Ukianzia kwenye chaji chanya umesema elektroni zinatoka mahali zinapopungua.

Msawazo nao una ugonjwa wake: “unahamia kulia”. Kwa nini? Katika N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃, taja kwamba moli 4 za gesi zinakuwa 2, hivyo shinikizo likiongezwa msawazo unaelekea upande wenye moli chache. Wanafunzi wa PCB na CBG wanaosoma BAM (hisabati ya msingi) badala ya Hisabati kamili wasiogope logi, maana zinazohitajika ni chache. Kwa asidi ya ithanoiki 0.1 M yenye Ka (kipimo cha nguvu ya asidi) 1.8 × 10⁻⁵, [H⁺] ni kipeuo cha pili cha 1.8 × 10⁻⁶, yaani 1.34 × 10⁻³, na pH ni 2.87. Anayeandika pH 1 hajashindwa logi. Amesahau kuwa asidi ni dhaifu, na hiyo ndiyo alama anayokatwa.

Majibu yote ya maandishi ni kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani, ila mjadala darasani na maabara ni kwa Kiswahili ruksa. Sikati alama kwa sarufi. Nakata pale neno linapobadilisha maana ya kikemia.

Kazi inakabidhiwa Ijumaa kabla ya kipindi cha kwanza. Ikichelewa siku moja inahesabiwa kwa nusu, na baada ya Jumatatu inasahihishwa bila alama. Aliyekosa praktiko kwa ugonjwa anairudia ndani ya wiki mbili kwa mimumunyo mipya. Mkifanya kazi wawili kwa uhaba wa bureti, kila mmoja anasoma na kuandika usomaji wake; majedwali mawili yanayofanana hadi desimali ya pili kwa kila mstari yanapata sifuri yote mawili, na praktiko inarudiwa kila mtu peke yake. Usomaji mbaya wa kweli naweza kuusahihisha na mwenyewe akajifunza. Wa kubuni hautufundishi chochote, mimi wala yeye. Anayemimina maji ndani ya asidi kali badala ya asidi ndani ya maji, au anayeingia na kandambili, anatoka maabara siku hiyo.

Baada ya kila jaribio kuna siku 7 za masahihisho. Andika upya swali ulilokosa, na chini yake sentensi moja inayosema kosa lilikuwa wapi: uwiano, kizio, sharti, au swali halikusomwa. Ukifanya hivyo kwa usahihi unarudishiwa robo ya alama ulizopoteza, lakini si zaidi ya kufika 70. “Sikuelewa” si maelezo ya kosa na hairudishi alama. Anayeona nimemkosea kwenye kusahihisha alete karatasi ndani ya siku 3, ikiwa imeandikwa kwa kalamu ya wino, na hatua anayoidai ameipigia mstari. Iliyoandikwa kwa penseli siisahihishi upya, isipokuwa grafu na michoro.