Kumsomea Mtoto Asiyejua Kusoma: Faida Iko Wapi Hasa?

Mtoto wa miezi mitatu haelewi hadithi. Tuliseme hilo mapema, maana wazazi wengi huanza kwa ari kisha wakaacha baada ya siku chache, wakiona wanausomea ukuta. Anachofaidi katika umri huo ni sauti: kupanda na kushuka kwake, mahali inapotua, na uso wa anayesoma.

Masikio ya mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni. Mwaka 1986 watafiti Anthony DeCasper na Melanie Spence waliwaomba wajawazito wasome kwa sauti kifungu kimoja cha hadithi kila siku katika wiki za mwisho za mimba. Watoto walipozaliwa, walipewa chuchu bandia iliyounganishwa na kinasa sauti, na wakawa wanabadili mwendo wa kunyonya ili wasikie kifungu kilekile badala ya kingine kigeni kwao. Neno hata moja hawakulielewa. Walikuwa wameshika mahadhi.

Kati ya miezi 6 na 12 sikio huanza kuchagua. Mtoto hunoa uwezo wa kutofautisha sauti za lugha anayoisikia kila siku, na zile asizozisikia zinampotea polepole. Hapa pana jambo ambalo wazazi wenye simu mkononi wangefaa kulijua. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwakutanisha watoto wa Kimarekani wa miezi 9 na wasemaji wa Kichina, waliowasomea vitabu na kucheza nao. Watoto hao walizishika sauti za Kichina. Wenzao walioonyeshwa wasemaji haohao kwenye skrini hawakupata chochote. Kwa hiyo kumwekea mtoto hadithi iliyorekodiwa hakuchukui nafasi ya mtu aliye mbele yake, hata kama msomaji wa kwenye rekodi ana sauti tamu kuliko yako.

Kuhusu namna ya kukaa: mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi. Picha ziwe kubwa, chache, zenye rangi zinazoachana waziwazi. Wengi humpakata mtoto akiwa ameupa mgongo uso wa msomaji, na hapo anakosa kuona midomo inavyokwenda. Mimi napendelea akae upande, mgongo umeegemea mkono wako, ili aweze kuangalia ukurasa na uso wako kwa zamu. Msomee akiwa macho na ametulia, si akiwa na njaa. Akigeuza uso, akijinyonga mgongo au kupiga miayo, funga kitabu. Dakika mbili zinamtosha wa miezi minne, na wa mwaka mmoja na nusu akifika dakika tano umefanikiwa.

Kuanzia miezi 4 au 5 kitabu kitaingia mdomoni. Usigombe. Chagua vya kurasa nene za kadibodi au vya kitambaa, vifute, maisha yaendelee. Karibu na miezi 9 utaona kituko kingine: anaikwangua picha kwa vidole, anajaribu kuichomoa ndizi kwenye karatasi. Judy DeLoache na wenzake walilichunguza jambo hili mwaka 1998, wakaona kwamba kufika miezi 19 watoto wengi wameacha kuchomoa, sasa wananyoosha kidole. Katikati ya hatua hizo mbili mtoto anajifunza kwamba picha inasimamia kitu kisichokuwepo. Kila anapoigusa, itaje. Huna haja ya kumaliza sentensi iliyoandikwa.

Msamiati nao unapanuka. Maneno tunayowaambia watoto kutwa nzima ni machache: njoo, kaa, acha, kula, lala. Kitabu humletea pango, mawimbi, kunyata, kuchungulia. Tanakali za sauti zisomwe kwa mbwembwe zote: akaanguka pu, akatumbukia chubwi, giza totoro. Hizo ndizo mtoto wa mwaka mmoja huzidaka kwanza.

Mtoto akianza kutamka, badilisha mtindo. Grover Whitehurst na wenzake walionyesha mwaka 1988 kwamba watoto wa miaka miwili hufaidika zaidi mzazi akisoma kwa kuzungumza nao kuliko akisoma moja kwa moja. Unauliza, unalikubali jibu, unalipanua, kisha unampa nafasi alirudie. Tuseme ukurasa una jogoo juu ya ua. “Nani huyu?” Nyamaza, uhesabu hadi tano kimoyomoyo. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, wanajibu wenyewe kabla mtoto hajakusanya pumzi. Akisema “kuku”, usimwambie amekosea. “Ndiyo, kuku dume, jogoo. Jogoo amepanda juu ya ua.” Akisema “kitabu kubwa”, jibu “ehe, kitabu kikubwa, kimefunguka,” na uendelee. Ngeli zitakaa sawa kwa kusikia, na kumwambia “hebu sema kikubwa” kutamfanya anyamaze tu. Maswali ya ndiyo au hapana hayazai maneno. Mfululizo wa “hii nini? na hii?” nao hugeuza hadithi kuwa mtihani, hivyo swali moja kwa ukurasa linatosha, na kurasa nyingine zipite bila swali.

Atakuletea kitabu kilekile mpaka ukichoke. Kisome. Utafiti wa Jessica Horst na wenzake wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watoto wa miaka mitatu waliorudiwa hadithi zilezile walishika maneno mapya vizuri kuliko waliosomewa hadithi tofauti, ingawa maneno yenyewe waliyasikia idadi sawa ya mara.

Vitabu vyenye vidirisha vya kufunua na picha zinazoinuka vinachangamsha, lakini kwa kujifunza majina ya vitu sivipi kipaumbele: mkono unashughulika na kidirisha, jina linapita. Vitabu vya skrini vina kasoro hiyohiyo, mazungumzo yanahamia kwenye kubonyeza.

Mzazi asiyejua kusoma asijitoe. Picha zinatosha, ataje anachokiona na kubuni kisa chake. Na kama kitabu kimeandikwa kwa lugha usiyoimudu, kisimulie kwa lugha unayoota nayo.

Faida moja haitajwi sana: mkao huu wa kila siku hukuonyesha mapema kama kuna tatizo. Mtoto wa miezi 6 asiyegeukia sauti, wa miezi 12 asiyebwabwaja wala kuashiria kwa mkono, wa miezi 16 asiye na neno hata moja, au wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili kwa hiari yake bila kuiga, apelekwe kwa daktari, na jambo la kwanza kuomba ni kipimo cha usikivu. Usisubiri kwa kuwa baba yake naye alichelewa kusema.